Jipu la Mfalme: Louis wa 14 Alivyoteseka Miezi 10 Kabla ya Kukubali Kisu

Alikuwa na jumba lililowatoa macho wageni wa Ulaya nzima, jeshi lililoogopwa na majirani, na watumishi wa kumvisha nguo kila asubuhi. Lakini mwaka 1686 jipu moja tu, pembeni ya njia ya haja kubwa, lilimfanya mfalme wa Ufaransa ashindwe kupanda farasi na hata kukaa kwa raha.

Huyo ni Louis wa 14, aliyepewa jina la Mfalme Jua. Kisa chake kinachekesha ukikisikia mara ya kwanza, ila ndani yake kuna somo kwa yeyote anayevumilia maumivu ya sehemu hiyo kwa sababu ya aibu.

Mtoto aliyepewa taji

Louis alizaliwa tarehe 5 Septemba 1638, Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Baba yake alifariki 1643, naye akawa mfalme kabla hajatimiza miaka 5. Alikaa kwenye kiti cha enzi miaka 72.

Mwaka 1682 alihamishia serikali yake Versailles. Huko maisha yake yalikuwa hadharani kabisa. Aliamka mbele ya watu, akala mbele ya watu, akalala mbele ya watu. Madaktari wake walikuwa na kitabu maalumu cha kuandika afya yake: amekula nini, amepewa dawa gani ya kuharisha, amepigwa bomba lini.

Na hakuwa mgeni wa mateso. Alishaugua ndui utotoni. Mwaka 1685 aling'olewa meno ya juu vibaya, akabaki na tundu kwenye kaakaa. Mtu aliyepitia hayo, usishangae akisita kumpa mtu mwingine ruhusa ya kumkata.

Uvimbe waanza

Mwanzoni mwa 1686 Louis alihisi uvimbe karibu na njia ya haja kubwa. Siku nyingine alilazimika kubaki kitandani. Madaktari wakaanza na kile walichokijua: kubandika dawa juu yake na kusubiri. Baadaye wakaupasua na kuuchoma. Usaha ulitoka, lakini kidonda hakikufunga.

Kwa lugha ya leo, lile lilikuwa jipu la njia ya haja kubwa. Ndani ya njia hiyo kuna tezi ndogo ndogo. Moja ikiziba, bakteria wanazaliana humo na usaha unajaa. Usaha ukikosa pa kutokea, unajichimbia njia kwenye nyama hadi utokeze kwenye ngozi. Kijia hicho kikibaki wazi ndicho kinaitwa fistula.

Hapa watu wengi huchanganya. Fistula inayosikika sana kwetu ni ile ya akina mama waliopata uchungu wa muda mrefu wakati wa kujifungua. Hii ya mfalme ni nyingine, inatokana na jipu, na inampata mwanamume au mwanamke.

Miezi ya kujaribu kila kitu

Habari zilipoenea, kila mtu akawa daktari. Watu walijitokeza na mafuta yao, na maji yao ya chemchemi yanayosifiwa kuponya. Baadhi ya dawa zilijaribiwa kwanza kwa wagonjwa wengine wenye tatizo kama lake. Hakuna iliyofanya kazi.

Wakati huo huo kazi ya ufalme haikusimama. Tarehe 1 Septemba 1686 alipokea ujumbe kutoka Siam, yaani Thailand ya leo, ndani ya ukumbi wa vioo wa Versailles. Alikaa juu ya kiti cha enzi cha fedha, kavaa vito vya thamani, na fistula yake ikiwa bado haijapona.

Kinyozi au daktari?

Aliyebaki ni Charles-François Félix, mpasuaji mkuu wa mfalme. Zama hizo wapasuaji Ufaransa hawakuheshimiwa kama madaktari. Walikuwa chama kimoja na vinyozi, eti kwa kuwa wote kazi yao ni wembe.

Félix hakuwa na uzoefu wa kutosha wa upasuaji huo, na hakutaka kuanzia kwa mfalme. Akatumia miezi kadhaa kufanya mazoezi kwa wagonjwa wa hospitali, wengi wao maskini. Majina yao hayakumbukwi, lakini wao ndio walioulipia uzoefu wake kwa miili yao. Akatengeneza pia kisu maalumu kilichopinda, chenye ncha ndefu ya kupita ndani ya kijia cha fistula. Kisu cha aina hiyo kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya historia ya tiba mjini Paris.

Asubuhi ya tarehe 18 Novemba 1686 kazi ikafanyika. Siri ilitunzwa, watu wachache tu walikuwepo: mke wake wa siri Madame de Maintenon, waziri wake Louvois, padri wake na madaktari. Hakukuwa na nusukaputi, ambayo ilikuja karne ya 19. Félix alikifungua kile kijia chote ili kipone kuanzia ndani kuja nje. Inasimuliwa kuwa mfalme hakupiga kelele, na siku hiyo hiyo aliendelea kukutana na watu wake.

Desemba kidonda kilionekana kinafunga vibaya, ikabidi akatwe tena. Kufika Januari 1687 alikuwa amepona. Félix akazawadiwa pesa nyingi, ardhi na cheo cha heshima. Inasemekana hata baadhi ya watu wa ikulu walitaka wafanyiwe upasuaji ule ule, wagonjwa na wasio wagonjwa, ili wafanane na mfalme!

Sherehe iliyoleta msiba

Januari hiyo mwanamuziki mkubwa wa ikulu, Jean-Baptiste Lully, aliongoza muziki wa kushukuru kupona kwa mfalme. Akiwa anapiga mapigo kwa fimbo nzito sakafuni, akajigonga kidole cha mguu. Kidonda kikaingia uchafu, nyama ikaanza kuoza. Inaelezwa alikataa kukatwa. Tarehe 22 Machi 1687 akafariki.

Mfalme mwenyewe aliishi miaka mingine 28. Agosti 1715 mguu ulianza kumuuma, na daktari wake mkuu, Fagon, akadhani ni maumivu ya mshipa tu. Kumbe nyama ilikuwa inaoza. Mguu ukawa mweusi, na Louis akafariki tarehe 1 Septemba 1715, siku 4 kabla ya kutimiza miaka 77.

Mpasuaji wake wa mwisho, Georges Mareschal, alikuwa mmoja wa walioanzisha chuo cha kifalme cha upasuaji mwaka 1731. Mwaka 1743 wapasuaji wa Ufaransa wakatenganishwa rasmi na vinyozi. Upasuaji wa 1686 ulichangia sana kuwapandisha hadhi.

Wewe ujue nini?

Leo hakuna sababu ya kuteseka miezi 10. Angalia dalili hizi:

- Maumivu yasiyoisha, yanayodunda, yanayozidi ukikaa, ukitembea au ukikohoa.
- Uvimbe mwekundu au wa moto karibu na njia ya haja kubwa, au usaha unaotoka.
- Homa, baridi na kutetemeka.

Bawasiri ya kawaida inaweza kuuma na kutoa damu, lakini kwa kawaida haileti homa. Ukiona maumivu ya huko pamoja na homa, fikiria jipu na uende hospitali siku hiyo hiyo. Wakati mwingine jipu liko ndani sana na nje huoni uvimbe wowote.

Tiba yake kuu ni kupasuliwa na kutoa usaha, mgonjwa akiwa amepewa ganzi au nusukaputi. Vidonge vya antibayotiki peke yake mara nyingi havitoshi, kwa sababu dawa haifiki vizuri kwenye usaha uliojifungia. Huongezwa pale maambukizi yanapokuwa yamesambaa, au kwa mgonjwa mwenye kisukari au kinga dhaifu. Usilikamue, usijipige bomba, usipake usichokijua.

Ukiona ngozi inakuwa nyeusi, harufu mbaya, uvimbe unaosambaa haraka kuelekea sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka, au mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Hata jipu lililotibiwa vizuri linaweza kuacha fistula. Kidonda kikiendelea kutoa usaha baada ya wiki kadhaa, au jipu likirudi pale pale, rudi kwa daktari wa upasuaji. Na kama unaona haya kumwonyesha daktari, kumbuka kwamba hata Mfalme Jua ilibidi ageuke na kumwachia Félix afanye kazi yake.