Hannah Glasse na Lugha ya Mpishi

Wapo wasomi wenzangu waaminio kuwa elimu haikamiliki pasipo lugha ngumu. Hao ningewaelekeza kwa Hannah Glasse, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1708. Mnamo 1747 alitoa kitabu cha mapishi kwa lugha nyepesi, makusudi watumishi wa majumbani wakielewe. Humo alieleza pudini ya Yorkshire, iliwayo na nyama ya kuchoma: maziwa, mayai manne, chumvi na unga hukorogwa kuwa rojo zito, likamiminwa katika mafuta yanayochemka. Ikikaribia kuiva, huwekwa chini ya nyama, idondokewe na mafuta yake hadi ukoko uwe kahawia.

Kitabu kilienea mno, lakini jina lake halikuandikwa jaladani. Mwaka wa 1754 alifilisika, na 1757 akafungwa kwa sababu ya madeni. Alifariki 1770. Walikuwapo waliodai kwamba kitabu kile kiliandikwa na tabibu mwanamume, hadi mwanahistoria Madeleine Hope Dodds alipothibitisha ukweli mwaka wa 1938.

Nionavyo mimi, dharau hiyo ingali hai kwetu: aandikaye Kiswahili chepesi hudhaniwa hana elimu. Tumpe heshima yake angali hai.