Louis Leakey: Kutoka Bara ya Mchinga hadi Mkutano wa Nairobi wa 1947

1.0 Utangulizi

Anayeijua pwani ya Lindi anaifahamu ghuba ya Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi. Ukiipa bahari kisogo na kuelekea bara, hatimaye unafika kilima cha Tendaguru, palipochimbwa mifupa ya mijusi mikubwa ya kale ambayo leo watu huitazama katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Ni huko, na si Olduvai, ambako Louis Seymour Bazett Leakey alishiriki kwa mara ya kwanza katika uchimbaji wa kitaalamu.

Habari za Leakey mgunduzi wa visukuku zimekwisha elezwa mara nyingi. Makala hii inakusudia kumwangalia kwa upande usiozungumzwa sana, yaani Leakey aliyewakusanya wataalamu wa nchi mbalimbali katika umoja mmoja. Hoja yetu ni kwamba umoja wa aina hiyo husimama au huanguka kwa mambo mawili: nani anahesabiwa kuwa mwanachama, na wanachama wanawasilianaje.

2.0 Mafunzo ya Tendaguru

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamisionari Waingereza. Alikua miongoni mwa watoto wa Kikuyu na kuisema lugha yao kama mzawa. Alipokuwa mwanafunzi Cambridge aliumia kichwani katika mchezo wa raga, akashauriwa kupumzika masomo. Wakati huohuo Jumba la Makumbusho la Uingereza lilikuwa likitafuta kijana mwenye uzoefu wa Afrika amsaidie William Cutler, mtaalamu wa dinosaria, katika msafara wa Tendaguru. Leakey akachaguliwa, na mwaka 1924 akafika Lindi.

Tendaguru hapakuwa pahali papya kwa elimu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walikuwa wamechimba hapo kwa kutumia mamia ya vibarua wa sehemu hizo, wakisimamiwa na mnyapara mashuhuri, Boheti bin Amrani. Takriban tani 225 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Leakey alipofika, vichaka vilikuwa vimekwisha funika mashimo ya zamani. Kazi yake ilikuwa kuitafuta njia, kuanzisha kambi na kuwaajiri watu. Kwa Cutler alijifunza namna ya kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Kabla mwaka mmoja haujapita Leakey aliondoka kurudi masomoni. Cutler alibaki, na mwaka 1925 alifariki kwa malaria huko Lindi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba elimu iliyopatikana Tendaguru ilitegemea mnyororo mrefu wa watu. Aliyeijua njia, aliyechimba, aliyebeba na aliyeandika, kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Hata hivyo, walioingia katika vitabu kama wataalamu walikuwa wachache. Suala hili tutalirudia.

3.0 Gharama ya Kufanya Kazi Peke Yako

Mwaka 1931 Leakey alikwenda Olduvai pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyekuwa amechimba Tendaguru na Olduvai kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka uliofuata alitangaza kupatikana kwa taya la mwanadamu wa kale sana huko Kanam, magharibi mwa Kenya. Mwanajiolojia Percy Boswell alikuja kutoka Uingereza ili ajionee mwenyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa taya lilipotoka, kwani alama za chuma alizoziweka zilikuwa zimeondolewa, na picha aliyoitegemea ilikuwa ya mahali pengine. Mwaka 1935 Boswell aliyachapisha aliyoyaona, na heshima ya Leakey miongoni mwa wataalamu ikapata pigo kubwa.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye mzizi wa mkutano wa 1947. Ugunduzi ambao wenzako hawakuuona, na ambao kumbukumbu zake hazikuhifadhiwa vizuri, haujawa elimu bado.

4.0 Mkutano wa 1947

Katika miaka ya 1940 Leakey alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Coryndon mjini Nairobi. Wakati huo watafiti wa historia ya kale ya Afrika walikuwa wametawanyika. Waliokuwa katika makoloni ya Ufaransa waliandika Kifaransa, waliokuwa kusini mwa bara waliandika Kiingereza, na kila upande ulikuwa na majina yake kwa zana na vipindi vilevile. Leakey alianza kuwaandikia, akawaita Nairobi.

Mwezi Januari 1947 walifika wajumbe wapatao 60 kutoka nchi 26. Uenyekiti alipewa Henri Breuil wa Ufaransa, na Leakey akawa katibu. Mada zilisomwa na kujadiliwa, kisha wajumbe wakachukuliwa kwenda kuyaona maeneo yenyewe, yakiwemo Olorgesailie na Olduvai. Aliyeshindwa kumwonyesha Boswell mahali pa taya moja sasa aliwaonyesha wataalamu wa dunia mashimo mazima, zana zikiwa pale zilipolala.

Mkutano uliazimia kukutana kila baada ya miaka minne na kuwa na istilahi za pamoja. Vipindi vya mvua nyingi vya zamani vilipewa majina yatokanayo na mahali pa Afrika Mashariki, kama vile Kagera, Kamasia na Kanjera. Baadaye, kufikia miaka ya 1960, ilidhihirika kuwa msingi wa kijiolojia wa mgawanyo huo ulikuwa dhaifu, nao ukaachwa. Mwanaisimu atalitambua tatizo hili mara moja, kwani kukubaliana juu ya istilahi si sawa na kuthibitisha dhana. Lakini bila istilahi za pamoja kosa lenyewe lisingeonekana upesi, maana kila mmoja angeendelea kukosea kwa lugha yake.

5.0 Mipaka ya Uanachama

Mkutano wa pili ulitazamiwa kufanyika Afrika Kusini. Baada ya serikali ya huko kubadilika mwaka 1948 mwaliko uliondolewa, na wajumbe wakakutana Algiers mwaka 1952. Mwaka huohuo ndipo kumbukumbu za Nairobi zilipochapishwa, miaka mitano baada ya mkutano. Mawasiliano yalikuwapo, ila yalikwenda polepole.

Mpaka mkubwa zaidi ulikuwa wa ndani. Umoja ulijengwa juu ya vyuo, majumba ya makumbusho na idara za serikali za kikoloni. Heslon Mukiri, aliyefanya kazi na Leakey kwa miaka mingi, alikuwa na jicho la kutambua visukuku ambalo wasomi wengi hawakuwa nalo, lakini umahiri wa namna hiyo haukuwa na kiti katika mkutano. Leakey mwenyewe, aliyejiona mtu wa pande mbili, aliupima ugumu huo katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria mwaka 1952. Alikuwa mkalimani, mawakili wa utetezi wakampinga kwamba ana upendeleo, naye akajitoa. Kuijua lugha ya watu hakukutosha kumpatia imani yao.

6.0 Hitimisho

Mwaka 1959, katika mkutano wa nne uliofanyika Léopoldville, Leakey aliwaonyesha wenzake fuvu ambalo Mary, mkewe, alilipata Olduvai mwezi Julai. Aliliita Zinjanthropus, kwa jina ambalo Waarabu wa kale waliliita eneo la pwani yetu. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972.

Umoja alioutia mbegu umeishi kuliko yeye. Ulisinzia kwa miaka kumi na miwili kati ya mkutano wa Jos wa 1983 na ule wa Harare wa 1995, ukaamka, na mwaka 2022 ulikutana Zanzibar. Leo Waafrika si wachimbaji tu katika umoja huo, bali ni wasomaji wa mada na viongozi. Sehemu hiyo ya kazi Leakey hakuikamilisha, na ndiyo inayotupasa kuipima tunapoanzisha vyama vyetu vya kitaaluma: je, aliyeionyesha njia ya Tendaguru angepata nafasi katika orodha ya wanachama?