Al-Khwarizmi na Ilimu ya Hisabu



Mtoto mmoja wa chuo hapa Homa Bay alifungua Msahafu, akaiona ٥ mwisho wa aya, akasema ni sifuri. Alipoelezwa kuwa ni tano, alituuliza zipi tarakimu zetu na zipi za Wazungu.

Kila umma una njia yake ya kuhesabu. Jirani zetu Wajaluo katika masoko ya Migori wakipita abich, yaani tano, husema auchiel, na ndani yake mna achiel, yaani moja: tano na moja. Waswahili nao waliacha tandatu, wakachukua sita ya Kiarabu. Lakini kutaja idadi ni jambo moja, na kuiandika ni jingine; na hapo ndipo tumkumbukapo Muhammad bin Musa al-Khwarizmi.

Nisba yake ni ya Khwarazm, katika Asia ya Kati. Alifanya kazi Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hata 833. Wahindi walikuwa wamekwisha kupata njia ya kuandika idadi yoyote kwa alama kumi tu, thamani ya kila alama ikifuata mahali pake, na sifuri ikishika mahali patupu. Al-Khwarizmi hakuona haya kujifunza kwao. Akaitungia njia hiyo kitabu, na wenyewe akawataja. Katika karne ya 12 kikafasiriwa kwa Kilatini, na Ulaya ikafaidika. Jina lake ndilo asili ya neno algorithimu. Basi ٥ ya Msahafu na 5 ya skuli ni ndugu. Mama yao ni Bara Hindi.

Kitabu chake kingine, cha al-jabr, sehemu yake kubwa yahusu mirathi na wasia. Nasi twaona mali za marehemu zikigawanywa kwa kukisia. Mtu akifa akaacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti wawili, na baada ya deni na wasia zikabaki shilingi 32,000, mke ana thumuni, 4,000. Mwana ana 14,000. Kila binti 7,000. Mgawaji asiyejua hisabu huwala mayatima haki yao, naye adhani amefanya wema.

Basi asiseme mzee yeyote kuwa hisabu ni ilimu ya skuli, haituhusu. Wafundisheni wana wenu, wa kiume na wa kike, tarakimu zote mbili.

Wabillahi tawfiq.