Karl Nessler: Fundi aliyezilazimisha nywele za singa zikae na mawimbi, mkewe akaungua kichwa

Kama una nywele nzito za singa, kero hii unaijua. Unalala na rola usiku kucha, asubuhi unatoka na mawimbi safi, ikifika saa sita mchana yote yamelala. Ukipita kwenye manyunyu ndiyo kabisa, unarudi nyumbani kama hukufanya kitu.

Miaka 120 iliyopita wanawake wengi wa Ulaya walikuwa na kero hiyo hiyo. Mtu aliyepata dawa yake alikuwa mtoto wa fundi viatu kutoka milimani Ujerumani, jina lake Karl Nessler. Alitajirika, akafilisika, akatajirika tena, akafilisika tena. Ila kabla ya utajiri wowote, kuna kichwa cha mwanamke mmoja kiliungua.

Swali la kondoo

Nessler alizaliwa Mei 2, 1872 huko Todtnau, mji mdogo kwenye milima ya Msitu Mweusi, kusini magharibi mwa Ujerumani. Inasimuliwa kwamba tangu akiwa mdogo alikuwa akijiuliza: mbona manyoya ya kondoo yananyeshewa, yanakauka, na bado yamejikunja, wakati nywele za watu wengi wa kwao zimenyooka kama uzi?

Ushonaji viatu wa baba yake haukumvutia. Akaingia kwenye kazi ya nywele, akaondoka kwao, akafanya kazi Uswisi, kisha akafika Paris, Ufaransa. Katika safari hizo akalibadili jina lake likae Kifaransa, akawa Charles Nestlé. Usimchanganye na wale wa maziwa na chokoleti, hawana undugu.

Paris wakati huo ndiyo ilikuwa mji wa mitindo. Msusi aliyetamba pale alikuwa Marcel Grateau, aliyebuni mawimbi ya kutumia koleo la moto miaka ya 1870. Wanawake walipanga foleni kwake. Nessler aliijua vizuri kazi hiyo, na aliujua udhaifu wake pia: mawimbi ya koleo hayakai. Ukiosha nywele tu, umerudi ulikotoka.

Kwa nini nywele za singa hazishiki?

Hapa tuelewane kidogo, ndipo utaona ukubwa wa alichokitafuta.

Unywele ni protini inayoitwa keratini. Ndani yake kuna vifungo vinavyoshikilia umbo lake. Vipo vifungo dhaifu, ambavyo maji au joto huvilegeza. Ukiufunga unywele kwenye rola ukiwa umelowa, ukikauka vinajifunga upya kwa umbo la rola. Tatizo ni kwamba unyevu ukiingia tena, hata wa jasho au wa hewa, vinafunguka na unywele unarudi kama ulivyoota. Nywele zikiwa nyingi, nene na ndefu, uzito wake nao unalivuta wimbi chini.

Vipo pia vifungo imara vya salfa. Hivi maji ya kawaida hayavigusi. Mpaka uvivunje kwa dawa, ukunje unywele, halafu uviache vijifunge upya kwenye mkunjo huo.

Nessler hakuwa mwanakemia. Alichokuwa nacho ni ubishi. Alianza majaribio yake katikati ya miaka ya 1890 na hakuacha.

Kichwa cha Katharina

Mwanzoni mwa karne ya 20 Nessler alikuwa London, Uingereza. Hakuwa mtu wa kukaa na wazo moja: mwaka 1902 alipata hati miliki ya kutengeneza nyusi na kope za bandia. Lakini akili yake ilikuwa kwenye mawimbi ya kudumu.

Njia aliyoifikia ilikuwa hivi: analoweka nywele kwa dawa kali, anazisokota kwenye fimbo kuanzia shinani kwenda nchani, halafu anazipiga joto. Dawa yenyewe ilikuwa na sodiamu haidroksaidi, ambayo watengeneza sabuni wa kwetu wanaiita kostiki soda. Hicho ni kitu kinachokula ngozi, sasa wewe kiweke kichwani kisha uongeze moto.

Nani angekubali kujaribiwa? Alikubali mke wake, Katharina Laible.

Jaribio la kwanza liliziunguza nywele zake zote. La pili vilevile. Ngozi ya kichwa nayo ikapata majeraha ya moto. Wengi tungeishia hapo, na wengine ndoa ingeishia hapo. Katharina aliendelea kumkalia, na Nessler akaendelea kurekebisha dawa na joto mpaka wimbi likashika bila kuunguza.

Historia ya saluni inamtaja zaidi mume. Ukweli ni kwamba bila mwanamke huyo kukaa kwenye kile kiti tena na tena, kusingekuwa na ugunduzi.

Mashine ya kuning'inia

Kufikia mwaka 1906 Nessler alikuwa ameshaionyesha kazi yake hadharani kwa wasusi wa London. Hawakuchangamka. Shughuli nzima ilichukua kama saa 5 au 6, na mteja alitakiwa kutulia muda wote huo.

Mashine yenyewe ilitisha. Rola zilikuwa za shaba, kama dazeni moja, na kila moja ilikaribia kilo moja. Zikilala kichwani zingemvunja mtu shingo. Kwa hiyo alizining'iniza kwa nyaya kutoka juu, zikiwa na vizito vya kusawazisha, ili zisiguse ngozi. Umeme ulizipasha mpaka karibu nyuzi 100, joto la maji yanayochemka. Ungemkuta mteja amekaa katikati ya nyaya hizo, ungedhani anafanyiwa upasuaji.

Lakini akitoka pale, anaosha nywele na wimbi lipo. Analala, lipo. Mvua inanyesha, lipo. Linaisha pale tu nywele mpya zilizonyooka zinapoota kutoka shinani. Habari ikasambaa mdomo kwa mdomo na wateja wakaanza kumiminika.

Vita vyamkimbiza

Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na Mjerumani aliyeko London akageuka adui. Jina la Kifaransa halikumsaidia. Mali yake ikataifishwa, na mwaka 1915 akakimbilia New York, Marekani, karibu mikono mitupu.

Alipofika alikuta mashine zilizoigwa kutoka kwake zinafanya kazi kwa mamia, nyingi zikiwa mbovu. Watu walikuwa wanakula kwa jasho lake. Akafungua saluni New York, akarekebisha mashine zake na kuanza upya. Miaka ya 1920 alikuwa na saluni Chicago, Detroit, Philadelphia na Palm Beach.

Halafu mitindo ikamgeukia. Wanawake wakaanza kukata nywele fupi. Njia ya kusokota kutoka shinani ilitengenezwa kwa nywele ndefu, kwenye nywele fupi haikukaa vizuri. Wasusi wengine, akiwemo Josef Mayer, wakaja na njia ya kuanza kukunja nchani kuelekea shinani.

Mwishoni mwa muongo huo Nessler aliiuza biashara yake na kubaki na utajiri mkubwa. Mwaka 1928 alitoa kitabu kuhusu nywele. Mwaka uliofuata soko la hisa la New York likaporomoka, na fedha zake zikaondoka nalo. Safari hii hakuinuka tena.

Mwisho wake, na kinachobaki

Nessler alifariki Januari 22, 1951 huko Harrington Park, New Jersey, akiwa na miaka 78. Wakati huo mashine yake ilikuwa inaelekea makumbusho. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwepo njia ya dawa ya baridi, aliyoibuni Arnold Willatt wa Marekani: unapaka, unafunga rola, unasubiri, unaweka dawa ya kufunga mkunjo. Hakuna umeme, hakuna nyaya.

Kwetu pia njia hiyo ilifika. Wale waliokuwa vijana miaka ya 1980 wanaikumbuka kalikiti. Ilikuwa inazilainisha kwanza nywele za kipilipili, kisha inazifungia kwenye rola ndogo kwa dawa ya jamii hiyo hiyo ya baridi. Na kostiki soda ya Nessler haikupotea: ipo mpaka leo kwenye baadhi ya dawa za kunyoosha nywele. Yeye aliitumia kukunja zilizonyooka, sisi tunaitumia kunyoosha zilizojikunja. Vifungo vinavyovunjwa ni vilevile, na ngozi inayoungua ni ileile.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti cha saluni na dawa ikaanza kukuchoma, sema mara moja ioshwe. Usivumilie eti ndiyo inashika vizuri. Kuvumilia huko Katharina alishakufanya, mara mbili, na nywele zake zote zikaenda.