Marehemu Samaki Likankoa: Mchongaji Aliyeufungulia Mpingo Njia Mpya

Katika safu yetu ya leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji juu ya marehemu Samaki Likankoa, Mmakonde wa Msumbiji. Vinyago vya namna aliyoianzisha vimeenea duniani kote, lakini ni nadra kumsikia mnunuzi akilitaja jina lake.

Kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado, kutoka pwani ya Palma hadi nyanda za juu za Mueda, kuna misitu yenye mpingo. Mti huu hukua polepole mno. Moyo wake ni mweusi na mgumu, na gogo lake likitiwa majini huzama. Huko pwani Wamwani wamejulikana kwa vyombo vya bahari, na bara Wamakonde wamejulikana kwa uchongaji. Ufundi huo haukufundishwa darasani. Mtoto wa kiume aliketi karibu na baba au mjomba wake, akatazama jinsi shoka linavyopasua, tezo linavyochonga na patasi inavyotoboa, kisha akaiga. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walinena.

Ukoloni wa Kireno uliwasumbua mno watu wa sehemu hizo. Hadi mwaka 1929 walitawaliwa na Kampuni ya Nyassa. Kisha, tangu mwaka 1938, serikali ya kikoloni ikawalazimisha kulima pamba. Maelfu ya Wamakonde walivuka Mto Ruvuma wakaingia Tanganyika, wengi wao wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge. Likankoa naye alikuwa miongoni mwa Wamakonde wa Msumbiji waliofika huko, na katika miaka ya 1950 alikuwa akichonga mjini Dar es Salaam, akimuuzia vinyago mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera.

Wakati huo vinyago vilivyotakiwa sokoni vilikuwa vile viitwavyo binadamu: mzee mwenye mkongojo, mama mwenye mtungi, na kadhalika. Mchongaji aliishi kwa kile alichouza. Asipouza, watoto hawali. Kwa hiyo kuchonga kitu kisichojulikana na wanunuzi lilikuwa jambo la hatari.

Wachongaji husimulia kwamba siku moja kinyago cha Likankoa kilivunjika mkono. Hapa yafaa tueleze uzito wa jambo hilo. Seremala wa Kijapani huunga mbao mbili kwa kuzichonga zishikane bila msumari, na kiungo chenyewe ndicho sifa yake. Mmakonde, kinyume chake, hutoa umbo zima katika gogo moja. Mkono ukikatika, kazi ya siku nyingi imeharibika. Masimulizi yanasema Likankoa hakuitupa kazi ile, bali usiku alioteshwa ndoto, na kutokana nayo akachonga pepo wa porini wa imani za Kimakonde, aitwaye nnandenga. Umbo lake halikufuata vipimo vya mwili wa binadamu hata kidogo.

Peera alikipokea kinyago hicho, na wanunuzi nao wakakipenda. Huo ukawa mwanzo wa vinyago viitwavyo shetani. Tangu hapo mchongaji aliweza kuufuata mpindo wa gogo, ufa wake na tundu lake, badala ya kuulazimisha mti uwe mzee au mama. Wengine walimfuata Likankoa, na wengine wakabuni njia zao. Yakobo Sangwani anakumbukwa kwa vinyago vya ujamaa, ambavyo watu wengi hubebana katika nguzo moja. Mwaka 1989 kazi za John Fundi, mzaliwa wa Mueda, zilioneshwa mjini Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia.

Hata hivyo, vinyago vingi vya mpingo viliuzwa, na hadi leo huuzwa, bila jina la aliyevichonga. Mnunuzi huambiwa tu kwamba ni kazi ya Kimakonde, kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja. Sisi tunaona kwamba hiyo si haki. Gogo haliendi ila kwa nyenzo, na sanaa haisongi mbele ila kwa mtu mmoja kuthubutu kwanza. Mtu huyo, kwa vinyago vya shetani, alikuwa Samaki Likankoa, na vijana wa Cabo Delgado wanaojifunza kushika patasi hawana budi kulijua jina lake.