Habari za Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda

I. Utoto wake na vita

Katika nchi ya Uganda, upande wa magharibi wa ziwa kubwa la Viktoria, iko sehemu iitwayo Buddu, na mji wake mkubwa ni Masaka. Ni nchi ya migomba na kahawa. Huko, katika kijiji cha Kisabwa, alizaliwa Benedicto Kiwanuka tarehe 8 Mei 1922. Watu wengi wa Buddu walikuwa wamekwisha kuwa Wakatoliki, kwa kuwa mapadre walijenga misioni kubwa mahali paitwapo Villa Maria, na katika shule ya misioni ile mtoto huyu alifundishwa kusoma na kuandika. Baadaye alikwenda Nsambya, karibu na Kampala, akasoma katika shule ya Mtakatifu Petro.

Hata alipopata miaka 20, vita vikuu vya pili vilikuwa vimeenea duniani. Mwaka 1942 Kiwanuka akaingia katika jeshi la Waingereza, lililokusanya vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasa. Kati ya askari hao Kiswahili kilitumika sana, ili Mganda, Mnyamwezi na Mkamba wapate kusikilizana. Alitumika Kenya, kisha Misri na Palestina, akapandishwa cheo hata akawa sajini-meja. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, akarudi kwao.

II. Mkalimani wa korti

Askari wengi waliorudi vitani walinunua shamba au duka. Kiwanuka alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu ya Kampala. Siku zile majaji wote wa Mahakama Kuu walikuwa Wazungu. Mshitakiwa husimama kizimbani akasema kwa lugha ya kwao, na jaji hajui neno hata moja. Kati yao husimama mkalimani. Akikosea neno, mtu asiye na hatia aweza kufungwa, na mwivi aweza kwenda zake huru. Kwa hiyo mkalimani hana budi kusikiliza kwa makini kuliko watu wote waliomo barazani, wala hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza.

Tena mkalimani huona mambo mengi. Huona jinsi wakili ajuaye sheria awezavyo kumwokoa mtu kwa kuuliza maswali matatu tu, na jinsi maskini asiye na wakili ashindwavyo kusema hata habari iliyo kweli. Katika Uganda yote mawakili Waafrika walikuwa haba sana. Aliyetaka kuwa wakili hakuwa na chuo cha sheria katika nchi zetu. Ilimpasa kuvuka bahari, na kabla ya kuvuka ilimpasa kushinda mitihani ambayo Kiwanuka hakuwa ameifikia.

III. Safari ya kutafuta elimu

Basi mwaka 1950, naye ni mtu mzima wa miaka 28 aliyekwisha kuoa, Kiwanuka aliacha mshahara wake akarudi tena darasani. Alikwenda mbali, hata Basutoland, nchi ya milima iliyo katikati ya Afrika ya Kusini, ambayo sasa huitwa Lesotho. Huko, mahali paitwapo Roma, Wakatoliki walikuwa na chuo kipya chenye jina la Papa Pius wa Kumi na Mbili, kilichofunguliwa mwaka 1945. Alikaa miaka miwili. Miongoni mwa masomo yake alijifunza Kilatini, lugha iliyo mama wa maneno mengi ya sheria za Ulaya. Si kazi nyepesi kwa sajini-meja wa zamani kukaa na kukariri maneno kama mtoto mdogo, lakini alivumilia hata akafaulu.

Mwaka 1952 akaingia Chuo Kikuu cha London, katika chuo kile kiitwacho University College. Mwanafunzi wa sheria hafundishwi kusema maneno matamu tu, kama wengi wadhanivyo. Hujifunza sheria za mapatano, yaani ahadi ipi imfunga mtu na ipi haimfungi; sheria za ardhi na nyumba; sheria za makosa na adhabu; na katiba, yaani sheria inayowatawala watawala wenyewe. Husoma hukumu za zamani, nyingine za miaka mia mbili au mia tatu, ili ajue jaji wa kwanza alisema nini na kwa sababu gani, maana huko Uingereza hukumu ya jana ni njia ya hukumu ya leo.

Tena kuna jambo la pili. Shahada ya chuo peke yake haimpi mtu ruhusa ya kusimama mbele ya jaji. Katika London ziko jumuiya nne za kale za mawakili, nazo ndizo zenye haki ya kumwita mtu katika kazi ile. Kiwanuka alijiunga na ile iitwayo Gray's Inn. Desturi yao ya siku zile yashangaza wageni: pamoja na mitihani, mwanafunzi alitakiwa kula chakula cha jioni katika ukumbi wa jumuiya mara nyingi zilizohesabiwa, akiketi pamoja na mawakili wazee, ili ajifunze adabu na uaminifu wa kazi ile kwa kuwatazama. Mwezi wa Februari 1956 Benedicto Kiwanuka aliitwa kuwa wakili. Tangu kuacha kazi ya ukalimani hata siku ile ilikuwa imepita kama miaka sita.

IV. Wakili na Waziri Mkuu

Alirudi Kampala mwaka ule ule akafungua ofisi yake mwenyewe. Lakini nchi ilikuwa inakaribia kujitawala, na watu walihitaji viongozi wenye elimu. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa mkuu wa chama cha Democratic Party. Uchaguzi ulipofanyika mwezi wa Machi 1961 chama chake kilipata viti vingi kuliko vingine, akawa kiongozi wa mawaziri. Na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda.

Heshima hiyo haikudumu. Wakubwa wengi wa Buganda hawakupendezwa kuona mtu asiye wa ukoo wa kifalme akikaa juu ya Kabaka wao, wala hawakupenda neno lake la kwamba Buganda ni sehemu moja ya Uganda wala isijitenge. Yeye naye alikuwa mgumu, si mwepesi wa kubembeleza. Mwezi wa Aprili 1962 ukafanyika uchaguzi mwingine. Wafuasi wa Kabaka wakapatana na chama cha Milton Obote, na Kiwanuka akashindwa. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, mwingine ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu. Kiwanuka aliondoka katika kiti bila kumwaga damu ya mtu, akarudi kwenye kazi yake ya uwakili.

Miaka ikapita, na serikali ikawa kali. Mwaka 1966 majeshi yaliishambulia nyumba ya Kabaka, naye akakimbilia Uingereza. Mwaka 1969 Kiwanuka mwenyewe alitiwa gerezani. Hivyo mtu aliyekuwa karani wa korti, kisha wakili, kisha Waziri Mkuu, sasa akajua pia jinsi ulivyo mlango wa gereza ukifungwa kwa nje.

V. Jaji Mkuu

Tarehe 25 Januari 1971 mkuu wa jeshi, Idi Amin, alimpindua Obote akajitwalia nchi. Wafungwa wengi wa siasa walifunguliwa, na Kiwanuka alikuwa miongoni mwao. Watu walishangilia sana, wakidhani siku mbaya zimekwisha. Mwezi wa Juni mwaka ule Amin alimweka Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu. Kabla yake kiti kile kilikaliwa na wageni. Yeye ndiye mwananchi wa kwanza wa Uganda kukikalia.

Mtoto wa Chunya anajua mizani ya dhahabu. Tangu dhahabu ilipoonekana katika mto wa Lupa, miaka ya 1920, wachimbaji wameleta vumbi lao kupimwa, na kila mmoja hutazama sana kidole cha mpimaji. Kidole kikigusa sahani, hata kidogo, mizani si mizani tena, bali ni mtego. Na jaji ni mizani ya nchi. Asitiwe kidole na tajiri, wala na maskini, wala na yule aliyempa kiti.

Neno hilo la mwisho ndilo lililo gumu. Amin ndiye aliyemtoa Kiwanuka gerezani. Amin ndiye aliyempa cheo. Shukrani ni jambo jema, na mtu asiye na shukrani ni mtu mbaya. Lakini shukrani ni deni la mtu kwa mtu, na jaji hana ruhusa ya kulilipa kwa haki ya mtu mwingine.

Katika mwaka 1972 askari walikuwa wakikamata watu bila hati wala mashitaka, na wengi wa waliokamatwa hawakuonekana tena. Mwezi wa Agosti Amin alitoa amri Wahindi waondoke katika nchi, na chuki juu ya Waingereza ikazidi. Basi mwezi wa Septemba likaletwa mbele ya Jaji Mkuu shauri la Mwingereza mmoja, mfanyabiashara, aliyekamatwa na askari na kufungwa. Iko sheria ya kale sana iliyotoka Uingereza ikaenea katika nchi nyingi: mfungwa yeyote aweza kuomba aletwe mbele ya jaji, na yule anayemshika atakiwa kuonyesha ni kwa sheria gani amemshika. Asipoweza kuonyesha, mfungwa huachiliwa.

Kiwanuka alisikiliza shauri lile kama mashauri mengine. Mfungwa alikuwa mgeni asiyependwa, wa taifa lililotawala Uganda miaka mingi. Waliomshika walikuwa watu wenye bunduki. Walakini sheria haikuuliza mambo hayo. Jaji Mkuu alihukumu ya kuwa kufungwa kule hakukuwa kwa halali, na ya kuwa askari hawana ruhusa ya kumkamata mtu na kumweka ndani wapendavyo. Akaamuru aachiliwe.

Siku zile zile, tarehe 17 Septemba, wafuasi wa Obote waliokuwa wamekimbilia Tanzania waliingia Uganda kwa silaha, wakashindwa. Hasira ya Amin ikawaka, na watu wengi wenye majina wakakamatwa. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu ya Kampala. Wakamtoa Jaji Mkuu katika chumba chake cha kazi, mchana, watu wakiona, wakamtia katika gari, wakaenda naye. Katika nyumba ile ile alikuwa ameanza kazi kama mkalimani. Hakurudi. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana hata leo. Umri wake ulikuwa miaka 50.

VI. Baada yake

Kwa miaka sita na zaidi Uganda ilikaa bila haki. Mwezi wa Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa wamekimbia nchi yao, yaliingia Kampala, na Amin akatoroka. Alikufa ugenini, katika Arabuni, mwaka 2003. Jina la Kiwanuka halikuzikwa. Tangu mwaka 2018 majaji na mawakili wa Uganda hukusanyika kila mwaka mwezi wa Septemba kumkumbuka na kufundishana juu ya kazi ya jaji katika nchi.

Njia aliyopita Kiwanuka kuitafuta elimu imekuwa fupi kwa waliomfuata. Mwezi wa Oktoba 1961 chuo kikuu kilianzishwa Dar es Salaam, na somo lake la kwanza lilikuwa sheria. Wanafunzi wake wa kwanza hawakufika 20, nao walitoka katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Kijana wa Chunya akitaka kuwa wakili leo hana haja ya kwenda Basutoland wala kuvuka bahari.

Safari imekuwa fupi, lakini kazi yenyewe haikupungua uzito. Bado mawakili husoma hukumu za zamani, na bado maskini husimama kizimbani bila kujua aseme nini. Na siku moja, kwa wakili au hakimu ye yote, huweza kuja shauri ambalo mwenye haki ni mtu asiyependwa, na mwenye kosa ni mtu mwenye nguvu. Siku ile ndiyo mtihani wa mwisho wa sheria, nao haufanywi katika chuo chochote. Benedicto Kiwanuka aliufanya mwezi wa Septemba 1972, naye hakuigusa mizani.

Maswali

1. Kiwanuka alifanya kazi gani baada ya vita, na kazi hiyo inahitaji nini kwa mtu?
2. Kwa nini alikwenda Basutoland kabla ya kwenda London?
3. Taja mambo mawili yaliyotakiwa kwa mtu aliyetaka kuwa wakili huko London.
4. Eleza kwa maneno yako jinsi jaji anavyofanana na mizani ya dhahabu.
5. Je, ni kukosa shukrani kutoa hukumu isiyompendeza mtu aliyekutendea mema? Andika sababu zako.