Hugh Trowell

Hugh Carey Trowell (1904 – 1989) alikuwa daktari na mtafiti wa lishe kutoka Uingereza aliyefanya kazi nchini Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya kwashakoo (huitwa pia unyafuzi), ugonjwa wa watoto unaohusiana na upungufu wa protini mwilini. Baada ya kurudi Uingereza alikuwa mmoja wa watu walioweka msingi wa elimu ya nyuzinyuzi za chakula (makapimlo) na ya magonjwa kama kisukari, unene wa kupindukia na maradhi ya moyo.

Maisha

Trowell alisomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas mjini London. Mwaka 1929 alijiunga na idara ya tiba ya serikali ya kikoloni akatumwa Kenya. Mwaka 1935 alihamia Uganda, ambako alitibu wagonjwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kufundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Mke wake, Margaret Trowell, alikuwa msanii na ndiye mwanzilishi wa shule ya sanaa ya Makerere.

Mwaka 1939 alitoa kitabu juu ya utambuzi na tiba ya magonjwa ya nchi za joto, ambacho kiliwafaa wanafunzi wake wa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliondoka Uganda. Aliporudi kwao alipewa upadri katika Kanisa Anglikana, akahudumia parokia karibu na mji wa Salisbury. Alipostaafu upadri alirudi kwenye utafiti wa lishe hadi uzeeni.

Utafiti wa kwashakoo

Ugonjwa na majina yake

Trowell alipofika Afrika Mashariki aliwakuta wodini watoto wengi, hasa wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, waliovimba miguu na uso. Ngozi yao ilikuwa na mabaka meusi yaliyobanduka, nywele zilipauka na kuwa nyekundunyekundu, na watoto wenyewe walikuwa wanyonge, wenye huzuni na wasiotaka kula. Wengi walikufa. Kwa kuwa walivimba na hawakuonekana wamekonda, haikuwa rahisi kuamini kwamba tatizo lao lilikuwa chakula. Baadhi ya madaktari walidhani ni minyoo, malaria au kaswende ya kurithi.

Wenyeji waliufahamu ugonjwa huo zamani. Waganda waliuita obwosi, wakauhusisha na mama kushika mimba nyingine kabla mtoto hajakua. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto aliyedhoofika hivyo alisemekana amebemendwa, yaani wazazi hawakufuata miiko ya kipindi cha kunyonyesha. Huko Gold Coast (leo Ghana), daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina la kwashiorkor kutoka lugha ya Kiga. Jina hilo lina maana ya ugonjwa wa mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Maelezo yote hayo yanakutana mahali pamoja: mtoto anaachishwa ziwa mapema, kisha anapewa chakula kisichoweza kuchukua nafasi ya maziwa ya mama.

Kosa la pelagra

Mwanzoni Trowell hakukubaliana na Williams. Alifikiri kwamba watoto wa Kampala wana pelagra, ugonjwa wa ngozi na tumbo unaotokana na upungufu wa vitamini niasini, na mwaka 1940 aliandika juu ya pelagra ya watoto wachanga. Lakini alipowapa vitamini hiyo hawakupona, na vifo viliendelea. Miaka hiyo ya kufuata njia isiyo sahihi ilikuwa na gharama kubwa, kwa kuwa dawa iliyohitajiwa ilikuwa chakula chenyewe.

Katika miaka ya 1940 alibadili msimamo. Pamoja na daktari Mganda E. M. K. Muwazi alichunguza upya wagonjwa wa Mulago, na mwaka 1945 wakaueleza ugonjwa huo kuwa ni utapiamlo wa hatari unaojitegemea, tofauti na pelagra. Muwazi alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuandika matokeo ya utafiti wa tiba katika majarida ya kimataifa.

Protini mwilini

Hatua iliyofuata ilitokana na mwanapatholojia J. N. P. Davies, mwenzake Trowell huko Mulago. Alipochunguza miili ya watoto waliokufa aliona kwamba kongosho lilikuwa limesinyaa, na mwaka 1948 alieleza kuwa hilo ni kiini cha ugonjwa. Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, na vimeng'enya ni protini. Mtoto aliyekosa protini hushindwa kutengeneza vimeng'enya, na akikosa vimeng'enya hata chakula kidogo anachopata hakimfaidii ipasavyo.

Dalili nyingine zilieleweka kwa njia hiyohiyo:

Uvimbe: ini hushindwa kutengeneza albumini ya kutosha. Protini hiyo husaidia kuzuia maji yasitoke ndani ya mishipa ya damu, hivyo ikipungua maji hujaa chini ya ngozi.

Ini kubwa lenye mafuta: mafuta husafirishwa katika damu yakiwa yameshikamana na protini. Zikikosekana, hubaki ndani ya ini.

Nywele na ngozi: vyote viwili hujengwa kwa protini, kwa hiyo huharibika mapema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 daktari Rex Dean alifika Kampala. Dean alikuwa amechunguza protini za mimea kwa ajili ya watoto nchini Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili. Chini yake kilianzishwa kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto, kilichogharimiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Watoto walilishwa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, yaliyochanganywa na sukari na mafuta ya mimea, kidogokidogo mara nyingi kwa siku. Wengi ambao hapo awali wangekufa walipona.

Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu chenye jina Kwashiorkor. Humo Trowell alifuatilia historia ya ugonjwa huo na kuonyesha kwamba ulikuwa umeandikwa katika nchi nyingi kwa majina tofauti bila madaktari kujua kwamba ni ugonjwa uleule. Kitabu kilichapishwa upya mwaka 1982.

Vyakula vya nchi za Ziwa Viktoria

Kazi ya Mulago ilihusu watoto waliolelewa kwa matoke, lakini tatizo lilikuwa la nchi nyingi zinazozunguka Ziwa Viktoria. Ndizi mbichi ina takriban gramu 1 ya protini katika kila gramu 100, na muhogo mbichi una karibu kiasi hichohicho. Tumbo la mtoto ni dogo, na hujaa kabla hajapata protini ya kumtosha. Kinyume chake, dagaa wakavu wanaovuliwa katika ziwa hilohilo na kuuzwa katika mialo na masoko yake, kama Mwigobero mjini Musoma, wana zaidi ya gramu 50 katika kila gramu 100. Ndiyo maana mafundisho ya lishe yaliyofuata utafiti huo yalisisitiza kuchanganya uji na vyakula vya wanga na maharagwe, karanga, dagaa, mayai au maziwa. Mwaka 1965 kilianzishwa Mulago kituo cha Mwanamugimu, ambako akina mama walifundishwa kuwalisha watoto wao kwa vyakula vinavyopatikana nyumbani.

Homoni na mjadala wa baadaye

Baada ya Trowell kuondoka, wanabiokemia wa kituo cha Kampala wakiongozwa na Roger Whitehead waliendelea kupima damu za watoto. Walilinganisha watoto wa Uganda na wale wa Gambia. Wa Uganda walikula wanga wa kutosha lakini protini kidogo. Insulini yao ilibaki juu na misuli ilichukua asidi amino, hivyo ini likakosa malighafi ya kutengeneza albumini. Wa Gambia walikosa chakula kwa jumla; homoni ya kortisoli ilipanda na kuvunja misuli yao ili ini lipate asidi amino, hivyo walikonda sana bila kuvimba.

Tangu miaka ya 1970 wataalamu wengine wamepinga wazo kwamba upungufu wa protini pekee unatosha kuleta kwashakoo. Mwaka 1974 Donald McLaren alidai kwamba mkazo mkubwa juu ya protini uliwafanya watu wasahau njaa ya kawaida. Utafiti wa mapacha nchini Malawi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba bakteria wa utumboni pia wanahusika. Chanzo kamili bado kinachunguzwa.

Nyuzinyuzi na magonjwa ya maisha ya kisasa

Jambo lingine lililomvutia Trowell ni magonjwa ambayo hakuyaona. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alikuwa ametangaza kwamba alipima Waafrika wapatao 1,000 kusini magharibi mwa Kenya, eneo linalopakana na Mara ya leo, bila kukuta shinikizo la juu la damu. Trowell naye aliona kwamba kisukari, unene na maradhi ya moyo yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake wa kwanza, kisha yakaanza kuongezeka mijini. Mwaka 1956 alishiriki kuandika juu ya kisa cha ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika wa Afrika Mashariki, jambo lililoonekana kuwa geni wakati huo. Mwaka 1960 alikusanya uzoefu wake katika kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika.

Miaka ya 1970 alishirikiana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya naye kazi Mulago. Mwaka 1972 Trowell alizieleza nyuzinyuzi kuwa sehemu za mimea ambazo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kumeng'enya. Alisema si takataka bali zinabadilisha namna mwili unavyopokea sukari na mafuta. Vitabu vyao vya 1975 na 1981 vilieneza wazo kwamba kukoboa nafaka na kuongeza sukari kunachangia kisukari na maradhi ya moyo.

Urithi

Trowell alifariki mwaka 1989. Leo Afrika Mashariki ina matatizo yote mawili aliyoyachunguza: watoto wanaodumaa kwa lishe duni na watu wazima wanaougua kisukari na shinikizo la damu, mara nyingine ndani ya nyumba moja.